Kukata Maini: Shida za Utotoni, Pombe na Ini Lako

Waswahili tukiumizwa na maneno makali husema, "Amenikata maini." Hatusemi amenikata figo, wala amenikata mapafu. Wazee wetu walijua kuwa uchungu hauishii masikioni, unashuka mpaka ndani ya mwili. Siku hizi madaktari nao wamepima, wamehesabu, na wamekuta kwamba mtoto aliyekulia katika vipigo, matusi na hofu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua ini ukubwani kuliko mwenzake aliyekulia katika amani. Na katikati ya utoto ule na ugonjwa huu, mara nyingi kuna kitu kimoja: pombe.

Rafiki msomaji, makala hii tunakuandikia wewe mwanafunzi wa sekondari, na hasa wewe wa Handeni na Korogwe. Kwenu pombe haiko mbali. Kuna wanzuki wa asali, kuna dengelua ya miwa inayopikwa milimani, kuna mnazi unaoletwa kutoka upande wa pwani, na kuna gongo ambayo serikali imeipiga marufuku lakini kila mtu anajua inauzwa nyumba ipi. Ukisimama Segera, Mkata au stendi ya Korogwe, utaona chupa ndogo za pombe kali zikiuzwa jirani kabisa na soda na biskuti.

Wengi wenu mmeshaambiwa "pombe ni mbaya" mpaka mmechoka kusikia. Leo hatutakuhubiria. Tutaeleza pombe inafanya nini ndani ya ini, kwa nini shida za utotoni humsukuma mtu kwenye pombe, na kwa nini umri wako wa sasa ndio wakati mzuri wa kuukata mnyororo huo.

INI NI NINI?

Ini limekaa upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Damu inayotoka kwenye utumbo ikiwa imebeba chakula hupita kwanza kwenye ini kabla ya kwenda kwingine. Ni kama kizuizi cha barabarani: kila mzigo unakaguliwa.

Ini lina kazi nyingi. Linatunza sukari na kuitoa mwili unapohitaji nguvu. Linatengeneza nyongo ya kusaga mafuta. Linatengeneza vitu vinavyoifanya damu igande ukijikata. Linachuja sumu na mabaki ya dawa. Na lina sifa moja ya ajabu: mtu akikatwa hata theluthi mbili za ini wakati wa upasuaji, kama sehemu iliyobaki ni nzima, ini hukua tena.

Sasa utauliza, kama ini linaota tena, hofu ya nini? Subiri kidogo.

POMBE IKIINGIA

Pombe haihitaji kusagwa kama ugali. Inaingia kwenye damu upesi na kwenda moja kwa moja kwenye ini. Huko ini linaigeuza kuwa kitu kinachoitwa asetaldehaidi, ambacho ni sumu kali kuliko pombe yenyewe. Kisha linaigeuza sumu hiyo tena kuwa kitu kisicho na madhara. Hatua ya pili ikichelewa, sumu inaunguza chembechembe za ini.

Hebu tupige hesabu. Bia moja ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe tupu. Ini la mtu mzima humaliza gramu 7 mpaka 10 kwa saa. Basi bia moja ni kazi ya saa mbili mpaka tatu. Kijana anayekunywa chupa nne kuanzia saa 4 usiku amelipa ini lake kazi ya saa nane au zaidi. Kengele ya paredi inapogongwa asubuhi, bado ini linahangaika. Kahawa, maziwa, limau au kuoga maji ya baridi haviongezi mwendo hata kidogo. Na gongo? Gongo haina lebo, hakuna anayepima ukali wake, kwa hiyo hata hesabu hii huwezi kuipiga.

Madhara huja kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni mafuta kujaa kwenye ini. Haya huanza hata baada ya siku chache za kunywa sana, na karibu walevi wote wa kila siku huyapata. Hayaumi wala hayaonekani. Habari njema ni kwamba mtu akiacha kunywa, mafuta haya huondoka katika muda wa wiki chache.

Hatua ya pili ni ini kuvimba. Hapa mtu anaweza kupata homa, kichefuchefu, maumivu chini ya mbavu za kulia na macho ya manjano. Wengine hufa katika hatua hii.

Hatua ya tatu ni makovu. Ini zima ni laini kama sifongo yenye maji, damu inapita bila taabu. Ini lenye makovu linakuwa gumu na lenye manundu, na damu inakosa njia. Madaktari huuita ugonjwa huu sirosisi, watu wengine husema ini limesinyaa. Hapo ndipo ile sifa ya kuota tena inapogonga mwamba, kwani kovu halirudi kirahisi kuwa nyama nzima. Katika kila walevi kumi wa siku nyingi, mmoja au wawili hufika hapa.

Akina dada wawe waangalifu zaidi. Mwili wa mwanamke una maji kidogo kuliko wa mwanamume, kwa hiyo kiasi kile kile cha pombe kinakuwa kikali zaidi kwenye damu yake. Ini lake huharibika kwa pombe kidogo zaidi na kwa miaka michache zaidi.

KENGELE ISIYOZIMIKA

Tuache pombe kidogo, tuzungumzie hofu.

Tuseme unatoka shule jioni, unakatiza porini, ghafla nyoka anapita mbele yako. Moyo unadunda, mikono inatoka jasho. Ubongo umegonga kengele ya hatari. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga homoni, na mojawapo inaitwa kotisoli. Kotisoli inaliamuru ini: "Toa sukari, tunahitaji nguvu za kukimbia!" Ini linatii. Nyoka akishapita, kengele inanyamaza na mwili unatulia. Mambo yamekwisha.

Sasa mfikirie mtoto ambaye nyoka wake yuko ndani ya nyumba. Baba akirudi usiku amelewa, mtoto anasikiliza hatua zake mlangoni: leo atapiga au hatapiga? Au mama amefariki, na mtoto analelewa na ndugu wanaomwita mzigo. Au mvua zimekatika Handeni, ghala ni tupu, na mtoto analala na njaa huku wakubwa wakigombana. Au mtu mzima wa karibu anamfanyia mambo machafu na kumwambia asiseme. Kengele ya mtoto huyu inagongwa leo, kesho na keshokutwa. Mwisho inazoea kulia yenyewe, hata pasipo na hatari.

Mwili unaoishi hivyo miaka na miaka hubadilika. Sukari na mafuta huvurugika, na mafuta mengine hujikusanya kwenye ini. Kinga ya mwili inakuwa na hasira ya karibu, inawasha moto wa uvimbe kwa jambo dogo. Ini la namna hii likiletewa na pombe, linabebeshwa mzigo wa pili juu ya mzigo wa kwanza.

Kuna jambo jingine. Kijana mwenye kengele isiyozimika hana raha, hapati usingizi na anashtuka ovyo. Siku moja rafiki anampa kikombe, na kwa mara ya kwanza kengele inanyamaza. Wewe ambaye umelelewa kwa amani unaweza kuonja ukaona ni chungu, ukaacha. Yeye ameonja dawa. Lakini ni dawa ya mkopo: pombe ikitoka mwilini kengele inarudi kwa kishindo zaidi, na kesho yake kikombe kimoja hakitoshi.

Mwaka 1991 J. Dee Higley na wenzake nchini Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya nyani. Baadhi walikuzwa na mama zao, wengine walikuzwa na vitoto wenzao bila mama. Walipopewa kinywaji chenye pombe, wale waliokosa malezi ya mama walikunywa zaidi. Na hata wale waliolelewa na mama, walipotengwa na wenzao na kupata mfadhaiko, walianza kunywa zaidi. Nyani hana marafiki wabaya wa kijiweni wala matangazo ya bia redioni. Ni mfadhaiko tu.

WALIOULIZWA UTOTO WAO

Katika miaka ya 1995 mpaka 1997, daktari Vincent Felitti na mwenzake Robert Anda waliwauliza watu wazima zaidi ya 17,000 wa San Diego, California, habari za utoto wao. Je, ulipigwa? Ulitukanwa? Ulinajisiwa? Mama yako alipigwa? Wazazi waliachana? Kulikuwa na mlevi nyumbani, au mgonjwa wa akili, au mtu aliyefungwa jela? Kisha majibu yakalinganishwa na afya zao.

Matokeo ya kwanza yalitolewa mwaka 1998. Watu waliopata aina nne au zaidi za masaibu hayo walikuwa kwenye hatari kubwa ya ulevi, mara kadhaa kuliko wale ambao hawakupata hata moja. Mwaka 2003 wakaangalia ini. Waliopata aina sita au zaidi walikuwa na uwezekano wa mara mbili na nusu hivi wa kuwa wameugua ini. Watafiti walipochambua sababu, sehemu kubwa ilipitia kwenye tabia: kunywa pombe, kutumia dawa za kulevya na ngono zembe, ambayo huambukiza virusi vya homa ya ini.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, maana ndani yake kuna matumaini. Utoto wako huwezi kuurudia. Lakini njia kubwa inayotoka kwenye utoto ule kwenda kwenye ini lililoharibika inapita mahali ambapo wewe unaweza kusimama na kuifunga.

Na umri wa kuanza nao ni jambo kubwa. Utafiti wa kitaifa wa Marekani uliotolewa mwaka 1997 ulionyesha kuwa walioanza kunywa kabla ya miaka 15, zaidi ya 40 katika kila 100 walikuja kuwa watumwa wa pombe. Walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, walikuwa 10 hivi katika kila 100. Huko Sweden nako, vijana wa kiume zaidi ya 40,000 waliulizwa mwaka 1969 na 1970, walipoitwa jeshini, wanakunywa kiasi gani. Walifuatiliwa karibu miaka 40. Kadiri kijana alivyokuwa akinywa zaidi alipokuwa na miaka 18 au 20, ndivyo alivyokuwa na hatari zaidi ya kuugua ini uzeeni. Ini halisahau.

NA HAPA KWETU?

Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa juu ya ukatili kwa watoto Tanzania, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa kupigwa kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu wasichana 3 katika 10 na mvulana 1 katika 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono. Basi kama limekukuta, ujue hauko peke yako darasani. Na jambo hilo si kosa lako.

Tena ini la mtu wa kwetu lina maadui wengine. Wa kwanza ni virusi vya homa ya ini aina ya B. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa watoto wachanga nchini mwaka 2002. Wengi wenu mliozaliwa baada ya hapo mmechanjwa, lakini wazazi na kaka zenu wakubwa wengi hawakuipata. Mtu mwenye virusi hivi akinywa pombe, ini linapigwa pande mbili.

Wa pili ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Mwaka 2016 sumu hii iliwaua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na miongoni mwa sehemu zilizokumbwa ni Kiteto, jirani na Kilindi. Handeni ni wilaya ya mahindi. Yakaushe vizuri, yaweke juu ya kichanja, na yaliyoota ukungu usiyale wala usiyapeleke kwa mpika pombe. Kupikia pombe hakuondoi sumu hiyo.

MANENO YA VIJIWENI

"Pombe ya kienyeji ni chakula, haina kemikali."
Kilevi ni kile kile. Ini haliulizi kama kimetoka kwenye muwa, asali au kiwandani.

"Mimi nakunywa wikiendi tu."
Ukinywa nyingi kwa mpigo mmoja, ini linazidiwa siku hiyo hiyo. Wikiendi nne ni mwezi.

"Kichwa kikiuma asubuhi, meza Panadol."
Angalia sana. Panadol nyingi ni sumu kwa ini, na kwa mtu anayekunywa pombe mara kwa mara hatari inakuwa kubwa zaidi. Usizidishe kipimo hata siku moja.

"Gongo ni kali tu, haiui."
Mwezi Novemba 2000 jijini Nairobi pombe haramu iliyochanganywa na methano iliua watu zaidi ya 100, na wengine wakapofuka. Ini ndilo linalogeuza methano kuwa sumu ya macho, likidhani linafanya kazi yake ya kawaida.

"Viroba vilipigwa marufuku, kwa hiyo tuko salama."
Ni kweli, pombe ya pakiti za plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Lakini kilichoondoka ni pakiti. Pombe kali ipo.

DALILI

Kwa miaka mingi ini linaumwa kimya kimya. Likianza kusema, mara nyingi limechelewa. Dalili ni hizi: macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, tumbo kujaa maji huku mikono ikikonda, miguu kuvimba, kutapika damu, na kuchanganyikiwa.

Vijijini mtu akijaa tumbo namna hii husemwa ametupiwa kitu, na familia inauza mbuzi kwenda kwa mganga. Miezi inapita. Tafadhali, mgonjwa wa namna hii apelekwe hospitali: Magunga kama mko Korogwe, hospitali ya wilaya kama mko Handeni, na wao wakiona haja watampeleka Bombo, Tanga.

UFANYE NINI?

Kwanza, chelewesha. Kama hujaanza kunywa, kila mwaka unaosubiri ni faida. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na ini lako linakubaliana na sheria hiyo.

Pili, kama umeshaanza, acha sasa. Ini la kijana wa miaka 16 mara nyingi bado liko katika hatua ya mafuta au halijafika hata huko. Wiki chache zinatosha kuliona likipona.

Tatu, tafuta mtu mzima mmoja. Uchunguzi mwingi umeonyesha kuwa mtoto mwenye shida nyumbani akiwa na hata mtu mzima mmoja anayemjali na asiyebadilika badilika, madhara hupungua. Anaweza kuwa bibi, mjomba, shangazi, mwalimu wa malezi, shehe au mchungaji. Huna haja ya kueleza yote siku ya kwanza. Anza na, "Shikamoo mwalimu. Nyumbani kuna mambo yananisumbua, naomba nafasi tuongee." Akikupuuza, usikate tamaa, tafuta mwingine.

Nne, kama unapigwa au unafanyiwa ukatili, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Unaweza pia kupiga simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, bila malipo.

Tano, izoeshe kengele yako kunyamaza bila pombe. Kucheza mpira, kukimbia, kuimba kwaya au kaswida, kusali, kulala mapema, kuandika yaliyo moyoni kwenye daftari: haya yote huutuliza mwili. Kazi yake ni ya polepole, lakini haina mkopo.

Sita, kama mlevi ni baba au mama yako, wewe hukumfanya anywe na huwezi kumponya peke yako. Usimwage pombe yake ukidhani umemsaidia. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege hata kufa. Aachishwe kwa msaada wa daktari. Kumbuka pia kwamba huenda naye alikuwa mtoto aliyesikiliza hatua za mtu mlangoni usiku.

Hapo ndipo mnyororo ulipo. Babu alipiga, baba akanywa, mtoto anasubiri zamu yake. Zamu hiyo siyo lazima ifike. Siku moja na wewe utakuwa na nyumba yako, pengine Chanika, pengine Manundu, pengine mbali kabisa. Mtoto wako atasikia hatua zako mlangoni, na atakimbia kuja kukupokea.